Wembe wa Uso Nisioujua

Mwenye duka aliniuliza swali jepesi: huyo mzee ana ndevu ngumu ama laini? Mimi, niliyempikia mzee huyo na kumfulia mashati kwa miaka tisa, sikuwa na jibu. Nilisimama mbele ya meza yake ya vioo pale mjini Wote, wembe wa kukunja mkononi, nikahisi masikio yananiwaka moto.

Sikujua kwa sababu sikuwahi kumwangalia usoni. Mzee ni baba ya mume wangu, na kwetu Ukambani kati ya mke wa mtu na baba mkwe wake kuna nthoni. Nthoni ni haya, lakini si haya ya mtoto aliyevunja kikombe. Ni haya yenye sheria. Humshiki mkono ovyo, hukalii kiti chake, huingii anapolala, na mkiongea macho yako yanakaa kwenye viatu vyake. Viatu vya mzee ningekuchorea gizani, mpaka ule msumari uliochungulia kwenye soli ya kushoto. Uso wake nilikuwa nauona kwa kuiba, tena kwa pembeni, akiwa ameangalia kwingine.

Asije mtu akadhani alikuwa mkali kwangu. La. Nilipoolewa Tseikuru, kule mbali ambako watu huhesabiwa kwa mbuzi, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo na mzee wa kanisa, na hakuna siku alinipandishia sauti. Asubuhi yangu ya kwanza katika boma lake nilitoka jikoni nikamkuta ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo alichotundika kwenye nguzo ya zizi. Niligeuka mbio nikarudi ndani. Lakini nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza ule wembe ukikwaruza, ukioshwa ndani ya maji, ukikwaruza tena. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, na sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani kwetu. Nilisikiliza mpaka uji ukafurika jikoni.

Baba yangu alifukiwa na kisima alichokuwa anachimba huko Kalamba nikiwa na miezi saba. Hatuna picha yake. Mama hamtaji. Ukimuuliza anachukua jembe anaenda shamba, hata kama ni kiangazi na hakuna cha kulima. Kwa hivyo nilijitengenezea baba wangu mwenyewe, kidogo kutoka kwa mwalimu wa Jumapili, kidogo kutoka kwa baba za wenzangu waliokuja shuleni siku ya kufunga. Nilimpa mashavu laini na ndevu chache za kidevuni. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, na hakikuwa karo wala viatu. Nilitaka kumshika uso, mara moja, kwa mikono yote miwili. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka. Nilipoolewa nikajiambia, haya, sasa umepata baba. Kumbe nilikuwa nimepata viatu.

Mwaka jana mzee alipata kiharusi, na upande wa kulia ukalala. Mama mkwe alishatangulia. Mume wangu anafanya kazi kwenye maghala Mombasa na huja nyumbani kila baada ya miezi miwili. Tukahama Tseikuru pamoja naye tukaja Matiliku, ambako sasa nina cherehani mbili na chumba cha kushonea. Mtu wa kumwogesha tulimpata, jirani wa rika lake, mcheshi sana. Lakini mikono ya jirani inatetemeka, na mtu wa namna hiyo humpi wembe.

Kinyozi wa sokoni alikuja na mashine yake. Mzee aliisikiliza ikinguruma akasema, kwa ule ulimi uliokuwa mzito, "Hiyo imetembea vichwa vya soko zima. Irudishe." Mume wangu alipokuja alimnyoa kwa vile viwembe vya plastiki vya kutupa, akamwachia vipele shingo yote, akapanda basi akarudi Mombasa. Baada ya hapo mzee akakataa kunyolewa, na akakataa kanisa. Maisha yake yote hakuwa ameingia kanisani na ndevu. "Siendi mbele ya Mungu na kichaka usoni," alisema. Jumapili sita alikaa kwenye veranda akisikiliza spika za kanisa kutoka ng'ambo ya barabara, na nikirudi nakuta chai yake imepoa bila kuguswa. Alikuwa anapungua. Fundi wa nguo anajua mtu anapopungua. Kola zilimwambia kila mtu, sema tu hakuna aliyekuwa akiangalia kola.

Kisha siku moja akauambia ukuta, maana hata yeye haniangalii, "Kama ningepata wembe wa kukunja, kama ule wangu." Ule wake ulipotea tulipohama. Jumanne nikafunga cherehani nikaenda Wote.

Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno, mzaliwa wa upande wa Murang'a aliyeoa huku na kujifunza Kikamba cha soko. Alinipangia nyembe tatu juu ya kioo. Zile za zamani za kunoa kwa mkanda wa ngozi, alisema, siku hizi wanaoziweza ni wachache. Hizi za sasa hunoi. Unafungua mdomo wa wembe, unatoa makali yaliyochoka, unaweka mapya, basi. Wa kwanza ulikuwa wa plastiki, mwepesi sana. Nikamwambia huo utanifanya nikandamize. Wa pili ulikuwa na mpini mwekundu wa kupendeza, lakini nilipoutingisha karibu na sikio nikasikia makali yakicheza ndani. "Huu ni wa kuwekwa kabatini," nikamwambia. Akacheka, akasema mama unajua vitu. Sijui vitu, ila makasi mabaya nayatambua kabla hayajakata kitambaa. Nikachukua wa tatu, wa chuma mtupu, mzito upande wa kichwa, unaofunga kwa kubana na kuacha makali yametokeza sawasawa toka mwanzo hadi mwisho.

Akanifundisha kuvunja wembe wa pande mbili ungali ndani ya karatasi yake. Unaukunja kwa urefu, unasikia umekatika, unapata nusu mbili, na kila nusu ina kazi yake. Nikavunja mmoja nikajisifu kimoyomoyo.

"Sasa nyembe zenyewe," akasema, akitoa pakiti mbili. "Hizi ni kali, na hizi ni pole. Kali ukimpa mwenye ngozi laini utamchuna. Pole ukimpa mwenye ndevu ngumu, humnyoi, unamng'oa. Huyo mzee yukoje?"

Hapo ndipo masikio yaliponiwaka. Ningesema sijui. Ningempigia mume wangu simu. Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Laini," nikasema. "Mashavu yake ni laini kabisa, ndevu ziko kidevuni tu, na ngozi yake ni nyembamba." Nilisema haraka na kwa uhakika, na nikaongeza kwamba zinaota kuelekea chini, bila kupinda. Yule bwana akanitazama kwa huruma. "Unampenda sana huyo mzee," akasema, akanifungia zile pole.

Nilikuwa nyuma ya bodaboda, karibu na nyumbani, nilipotambua nimemweleza uso wa nani. Mtu mwingine angerudi. Mimi hasira zangu ziko karibu, lakini kiburi kiko karibu zaidi. Nikajiambia ndevu ni ndevu.

Mzee aliufungua wembe kwa mkono wa kushoto, akaupima uzito, akaufunga. "Ni mzuri," akasema. "Nani ataninyoa?"

Nikaviambia viatu kwamba nitaita kinyozi aache mashine yake atumie huu.

"Kinyozi anaongea akinyoa." Kuku wakapita, wakarudi. "Wewe unashona mashati ya watu. Mkono wako umetulia."

"Baba, haiwezekani."

"Najua haiwezekani. Utaleta taulo."

Akanieleza taratibu, akipumzika katikati ya maneno. Taulo itamfunika paji na macho. Akifunikwa macho, yeye hayuko pale, na mimi sitakuwa nanyoa mkwe, nitakuwa nanyoa kidevu. "Walisema uso umeumbwa na haya," akasema. "Hawakusema kidevu." Sikujua kama anatania. Kwa miaka tisa sikuwa nimejua anataniaje, kwa sababu mzaha wa mtu unausoma machoni.

Nilimpigia mume wangu. Nikamweleza habari ya taulo. "Baba amesema hivyo yeye mwenyewe?" akauliza. Nikamwambia amesema. "Basi mimi ni nani," akasema, na tukaanza kuongea habari za mvua.

Ijumaa nilijifunza kwa kunyoa puto. Unalipuliza, unalipaka povu la sabuni, unalinyoa bila kulipasua. Nilipasua mawili nikatukana kwa Kikamba, lugha ambayo matusi yake yanatosha. La tatu lilibaki zima.

Jumamosi saa nne asubuhi jirani alimkalisha mzee kwenye veranda, akamfunga taulo moja shingoni na nyingine machoni, akaondoka zake bila kuambiwa. Mimi nilikuwa na maji moto, brashi, sabuni, chupa ya spiriti na ule wembe. Nilisimama hapo kama mtu anayesubiri kuruhusiwa na mtu ambaye hayupo. Kisha nikajikaza kisabuni, nikaweka vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwenye shavu lake ili kuvuta ngozi.

Lilikuwa na joto. Sijui nilitarajia nini. Ndevu zilinichoma vidole kupitia povu, ngumu kama brashi ya sufuria, na zilikuwa zimejaa mashavu yote mpaka karibu na macho. Nikashusha wembe. Haukupita. Ulinasa, ukavuta, ukanasa tena, na mkono wake mzima ukajifunga juu ya goti. Nilibadilisha nusu ya wembe nikaweka nyingine mpya, mambo yakawa yale yale. Nikalazimisha mpaka shavu moja likabaki wazi, na maji yakatoka chini ya taulo ya machoni, yakashuka kando ya pua mpaka kwenye povu. Nikajidanganya ni jasho.

"Ulimwambia mwenye duka nini?" akauliza.

Nikaweka wembe kwenye beseni. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. "Nilimwambia uso wa baba yangu," nikasema.

"Baba yako alikuwa na ndevu laini?"

"Sijui. Sikumwona. Nilitunga."

Hapo nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kelele, na mtu aliyekuwa akipita barabarani na mkokoteni akapunguza mwendo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshika uso wa baba hatimaye, na nilikuwa namuumiza kwa ajili ya uso mwingine usiokuwepo. Mzee alisubiri. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaivuta taulo mwenyewe, akaiacha ianguke.

Mimi nikakimbilia viatu.

"Angalia juu," akasema.

"Baba."

"Angalia juu, mama. Nimenunua ng'ombe miaka hamsini. Hakuna siku nilinunua bila kuangalia meno. Wewe unaninunulia wembe na hujaniangalia."

Nikaangalia. Ndevu zilikuwa nyeupe kwa juu na nyeusi kwa chini. Chini ya taya la kushoto ziliota zikizunguka, kama kisogo cha mtoto, na hapo ndipo wembe ulikuwa unanasa zaidi. Kulikuwa na kovu dogo kwenye mdomo wa juu. Macho yalikuwa ya kahawia yenye duara la samawati pembeni, yamelowa, na yalikuwa yananitazama. Sikuwa nimefikiria hilo. Naye alikuwa hajaniona.

"Kumbe una alama hapa," akasema, akigusa nyusi yake mwenyewe. Ni kweli ninayo. Nilianguka nikiwa mdogo.

Nilidhani sasa atasema lile neno. Nilikuwa nimelingojea tangu ile asubuhi ya uji, kwamba atasema mwanangu, au mwiitu wakwa, vile Mkamba anavyomwita binti wa damu yake. Niliona midomo yake ikitafuta njia.

"Mimi si baba yako," akasema. "Mimi ni baba ya bwana yako, na hiyo ni kubwa, usiifanye ndogo. Nguo ya marehemu siwezi kuvaa. Wewe ni fundi, unajua haitanitosha. Habari za baba yako, uliza. Mama yako yuko hai. Kuuliza si ujinga."

Iliniuma. Sitasema ilinifariji, watu hupenda kusema hivyo. Nilimpangusa povu, nikampaka spiriti palipochubuka, na nilimpaka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikunja uso lakini akavumilia. Siku zile zilizofuata alikaa na nusu ya ndevu, akiwageuzia wageni upande ulionyolewa, na jirani akawa anamwita shamba la ndugu wawili.

Jumatatu nilirudi Wote. Mwenye duka akauliza mzee amependa wembe? Nikamwambia nilikosea, ndevu zake ni ngumu, zimejaa, na chini ya taya zinazunguka. Alinitazama, bila shaka akikumbuka maelezo yangu ya kwanza. Akanipa zile kali na kuniambia nilaze wembe zaidi, nisiusimamishe, na pale penye mzunguko nifuate ndevu zinakoelekea, nisibishane nazo. Jumamosi niliweka kitambaa cha moto kwa muda mrefu kwanza. Wembe ukapita. Ulikuwa na ile sauti niliyoisikia nyuma ya mlango Tseikuru, ila sasa ilikuwa inatoka mkononi mwangu. Taulo ya machoni alikuwa ameikataa. Yeye aliangalia mbele, mimi nikaangalia kazi yangu, na kila mmoja akabaki na heshima yake.

Jumapili alienda kanisani kwa kiti cha magurudumu. Akina mama walimsalimia, mmoja akaniambia mzee amekuwa kijana. Nikacheka nao. Lakini wakati wa maombi niliangalia mikono yangu. Ilikuwa imeshika uso wa mtu aliyenieleza kwa upole kwamba si wangu, na bado ilikuwa tupu.

Mchana huo nilikaa nyuma ya nyumba, nikapiga moyo konde, nikampigia mama yangu Kalamba. Tuliongea habari za mbaazi. Kisha nikamwambia, "Mama, nimemnyoa mzee ndevu."

Nilingojea anigombeze. Mwanamke wa umri wake anajua nthoni kuliko mimi. Nilisikia tu upepo wa kwao.

"Umemnyoa na nini?" akauliza.

"Wembe wa kukunja."

"Umetia mkali?"

"Mkali."

"Ndiyo," akasema. "Ndevu ngumu zinataka mkali. Za baba yako viwembe vyepesi vilikuwa haviziwezi."

Nikasimama, halafu nikakaa tena. Miaka thelathini na mitano sikuwa nimesikia maneno hayo mawili, baba yako, yakitoka mdomoni mwake bila jembe kufuata. "Umejuaje, mama?"

"Unadhani nani alikuwa anamnyoa?"

Niliogopa kupumua, asije akakumbuka shamba.

"Kila Jumamosi," akasema. "Zilikuwa zimejaa huku kote, huwezi kuona shavu. Alikuwa anakaa kwenye mtungi nimeupindua, mimi nimesimama, na wewe nimekufunga mgongoni. Nikifika shingoni anacheka. Namwambia tulia, baba wewe, nitakukata, na ndio anazidi. Wewe ukimsikia nawe unaanza kucheka huko mgongoni, na mimi nashindwa kunyoa."

Nilijua sasa ataenda, na sikuwa na swali la maana. Nikauliza lililokuja.

"Alikuwa anachekaje?"

Mama yangu alikohoa. Alijaribu mara ya kwanza sauti ikamkatikia. Kisha ikatoka, nene, ya chini, yenye kukwama katikati na kuanza upya, kicheko cha mwanaume kutoka koo la mwanamke wa miaka sitini na nne, na mgongo wangu ukasisimka wote kabla sijaelewa ninasikia nini.

Nikamwambia arudie.